Muulize Mwalimu: Kijana aliyeikuta Zuhura ndani ya Jua

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa kidato cha tatu amesoma kwamba Mwingereza Jeremiah Horrocks aliiona sayari ya Zuhura ikipita mbele ya Jua mwaka 1639 akiwa kijana tu. Kaka yake anabisha, anasema ilikuwa bahati ya mtu mwenye darubini. Nani ana haki? Na mbona hakupofuka?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Binti ana haki. Bahati ya Horrocks ilikuwa moja tu, mawingu kutawanyika. Mengine yote aliyatolea jasho.

Alizaliwa karibu mwaka 1618 huko Toxteth, Liverpool. Mwaka 1632 aliingia Chuo cha Emmanuel, Cambridge, katika kundi la wanafunzi maskini waliofanya kazi za utumishi ili wasome. Akaondoka mwaka 1635 bila shahada. Falaki alijifunza mwenyewe vitabuni.

Sasa hapa ndipo ninapomvulia kofia. Kepler, gwiji wa falaki wa enzi hizo, alikuwa amekadiria kwamba mwaka 1639 Zuhura ingelikosa Jua kidogo, ipite chini yake. Majedwali ya mwanafalaki mwingine, Lansberge, yanayoonyesha sayari zitakuwa wapi, yakasema itapita sehemu ya juu ya Jua. Horrocks hakumfuata yeyote kwa sababu ya jina lake. Alizoea kupima mahali sayari zilipo angani na kulinganisha na majedwali, akajua yanapokosea. Alipozirekebisha hesabu, mwezi mmoja tu kabla ya siku yenyewe, akaona Zuhura itapita mbele ya uso wa Jua, upande wa chini. Akamwandikia haraka rafiki yake William Crabtree, mfanyabiashara wa nguo karibu na Manchester.

Siku ilikuwa Jumapili, Novemba 24 kwa kalenda ya Uingereza ya wakati ule, sawa na Desemba 4 kwa kalenda yetu. Horrocks alikuwa Much Hoole, kijiji cha Lancashire. Alianza kuangalia tangu Jumamosi, asije akapitwa. Na hapa ndipo jibu la macho lilipo: hakuchungulia. Alielekeza darubini juani kutoka chumba chenye giza, taswira ya Jua ikaangukia kwenye karatasi, ndani ya duara la kama sentimita 15 ambalo kipenyo chake alikigawa sehemu 120. Mchana aliitwa kwenye shughuli asiyoweza kuikwepa. Aliporudi, saa tisa na robo alasiri, mawingu yakafunguka: doa jeusi la mviringo, dogo kuliko punje ya mahindi, lilikuwa tayari limeingia lote. Akaandika mahali lilipo mara tatu, na kwenye saa kumi kasoro dakika kumi Jua likazama. Nusu saa tu!

Crabtree naye alipata upenyo wa mawingu jua likikaribia kuzama, akabaki ameduwaa kwa furaha hata kupima hakupima. Mimi namwelewa kabisa. Juni 8, 2004, Zuhura ilipopita asubuhi yetu, niliwaonyesha wanafunzi wangu kwa karatasi vilevile, na darasa zima lilinyamaza.

Kwa vipimo vile Horrocks alionyesha kwamba Zuhura huonekana ndogo mno kuliko wengi walivyodhani, na akakadiria Jua liko mbali kupita makadirio mengi ya zama zake, ingawa bado pungufu ya kilomita milioni 150 tunazozijua. Alifariki ghafla Januari 3, 1641, na kesho yake alikuwa na miadi na Crabtree. Alikuwa na miaka kama 22. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1662, na mwanafalaki Hevelius wa Danzig, mji unaoitwa leo Gdańsk, Poland.

Zuhura haitapita tena mbele ya Jua hadi mwaka 2117. Lakini Agosti 2, 2027 Jua litapatwa, na Afrika Mashariki tutaona sehemu. Wanao watoboe tundu la sindano kwenye boksi, mwanga uangukie karatasi nyeupe, nao wakae wamelipa Jua kisogo.