Vocha ya mafunzo bila muda ni karatasi tu

Umeuliza kama serikali zinaweza kweli kuwaandaa wafanyakazi wakati kazi zinabadilika, au ni maneno ya majukwaani. Zinaweza, ila pesa peke yake haitoshi. Singapore ilianzisha mpango wa mafunzo uitwao SkillsFuture mwaka 2015, raia wa miaka 25 na kuendelea wakapewa dola 500 za nchi hiyo za kulipia kozi. Mwaka 2024 wenye miaka 40 na zaidi wakaongezewa 4,000. Safi. Uingereza nayo ilijaribu akaunti za mafunzo za mtu binafsi (serikali ikichangia ada ya kozi), ikabidi izifunge mwaka 2001 kwa sababu matapeli walijigeuza walimu.

Tatizo ninaloliona mimi ni muda. Karani wa miaka 48 aliyezoea kujaza leja kwa mkono, ukimpa vocha bila ruhusa ya kazini, atasoma saa ngapi? Saa tatu usiku, macho mazito, mtoto naye anataka kusaidiwa hesabu. Ujerumani mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi, anagawa wiki kati ya kazini na darasani huku analipwa (wengi wao ni vijana, nakubali). Kwa hiyo ukisikia mpango mpya, uliza kwanza mshahara wa siku za darasani unalipwa na nani.