Mbio za sikukuu kwenye baridi: jihadhari na dakika za kusimama

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umejiandikisha mbio za kilomita 10 za mwisho wa mwaka, hujawahi kukimbia kwenye baridi kali, na unauliza uvae nini, kama mapafu yatahimili, na kama unaweza kusaka muda wako bora siku hiyo. Mimi si kocha. Ni mkimbiaji wa kawaida, ila mbio za namna hiyo nimezikimbia misimu saba mfululizo, kwa hiyo nitakujibu kwa yaliyonikuta.

Kabla ya yote, baridi haikuwezi ukiwa mbioni. Inakupata umesimama. Inakupata ukisubiri kuanza, na inakupata vibaya zaidi ukishavuka mstari wa mwisho. Tunajiandaa kwa zile kilomita za katikati na kusahau huku na huku, na ndiko nilikoumia mimi.

Mwaka wa kwanza nilivaa kama mtu anayekwenda kushinda nje: fulana ya pamba, sweta, na jaketi zito juu yake. Kufika kilomita ya pili jasho linatiririka mgongoni. Nikataka kuvua jaketi, nikakumbuka namba ya kifuani nimeibana kwenye jaketi hilohilo. Nikaenda nalo mpaka mwisho. Na pamba ikishaloa ndiyo basi, haikauki, inakuganda mwilini na kukunyonya joto lote. Wazoefu wana kanuni ambayo mimi sasa siiachi: vaa kana kwamba nje kuna joto zaidi kwa nyuzi 8 hadi 10. Kipimajoto kikisoma nyuzi 2, vaa nguo za nyuzi 10 au 12. Ukisimama pale mwanzoni lazima usikie kibaridi. Kama unajisikia vizuri kabisa, umezidisha nguo.

Ya ndani iwe ya poliesta au sufu laini. Namba ibane kwenye nguo ambayo huna mpango wa kuivua. Kichwani boshori nyepesi inatosha. Mikono ndiyo usiifanyie mzaha, kwa sababu mwili ukihisi baridi hupunguza damu inayokwenda kwenye vidole ili kulinda moyo na viungo vya ndani. Glovu za kawaida hazikunisaidia sana. Nilihamia zile ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja, vinapashana joto vyenyewe, na sijarudi nyuma. Halafu kamba za raba zifunge ungali ndani, mara mbili, maana huko nje vidole vikishakufa ganzi hutaweza.

Sasa kule kusubiri. Mbio za sikukuu zina umati wa aina yake: familia nzima, watoto, watu wamevalia mavazi ya sherehe. Foleni ya choo ni ndefu, na baridi yenyewe inafanya figo zitoe mkojo mwingi, kwa hiyo hesabu muda wa foleni mapema. Chukua sweta kuukuu ambalo hutalililia, ulivue dakika ya mwisho uliache pembeni. Kama huna, mfuko mkubwa wa taka unafaa sana: toboa tundu la kichwa na mawili ya mikono, uvae. Unazuia upepo, na upepo ndio unaomaliza watu. Usisimame tuli. Rukaruka, zungusha mabega, pasha misuli hadi wanapokuita kwenye mstari.

Kuhusu mapafu, ondoa hofu, hayagandi. Hewa inapashwa joto na kupata unyevu puani na kooni kabla haijafika ndani. Kinachosumbua ni ukavu wake, ndiyo maana wengi wetu tunakohoa nusu saa nzima baada ya mbio. Mimi huvaa kitambaa shingoni na kukivuta mdomoni kilomita ya kwanza, kisha nakishusha. Ila kama una pumu, au kifua chako huwa kinabana ukikimbia, muone daktari kabla ya siku hiyo na dawa yako ya kuvuta uwe nayo mfukoni.

Na muda wako bora? Mkuu, uache ukupite siku hiyo. Nakwambia hivi kwa sababu mwaka wangu wa tatu niliutaka kwa nguvu. Nilikuwa navuka kituo cha maji, na maji yaliyomwagika kutoka kwenye vikombe yalikuwa yameshaganda juu ya lami. Unaona barabara inang'aa kidogo tu, kama imelowa. Nilitua kwa nyonga, nikateleza, nikaamka nikamaliza nikichechemea, na wiki tatu sikukimbia. Tangu siku hiyo kwenye vituo vya maji, juu ya madaraja, na kona zote zenye kivuli nafupisha hatua na kuweka mguu chini ya mwili, siutupi mbele.

Hata wenye mbio zao hawazichukulii hizi kama kipimo cha mwisho. Eliud Kipchoge alishinda San Silvestre Vallecana, mbio za kilomita 10 za mwisho wa mwaka pale Madrid, tarehe 31 Desemba 2006 kwa muda wa chini ya dakika 27, lakini njia ile inateremka sana, kwa hiyo haihesabiwi kwa rekodi. Watu wanaikimbia tangu 1964 vilevile. Kule Buffalo, Marekani, mbio za Siku ya Kutoa Shukrani zilianza 1896, mwaka mmoja kabla ya Boston Marathon. Ninachokipenda mimi ni kwamba asubuhi ambayo ungekuta kila mtu amejifunika blanketi, unakuta maelfu barabarani wanatoa mvuke midomoni, wasiojuana wanatakiana heri. Ukikimbia kwa macho kwenye saa hutakiona hicho.

Sasa kumaliza, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Mwaka wa pili nilimaliza nimefurahi, nikasimama kupiga soga na fulana imelowa. Dakika kumi tu. Nilipokwenda kuchukua begi, foleni. Nikaanza kutetemeka, meno yanagongana. Nikapata nguo kavu, nikataka kutoa namba ili nivue fulana, na zile pini nne zikanishinda. Naziona, naziminya, vidole havina habari. Nikajaribu kwa meno. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akimsubiri binti yake akanijia, akasema, "Tulia mwanangu, ngoja nikutolee." Akafungua moja moja, akanivuta sweta kichwani kama anamvalisha mtoto. Sikuweza hata kumshukuru sawasawa, mdomo ulikuwa mgumu. Bado namkumbuka kila ninapobana namba.

Kwa hiyo begi lako lipange usiku, la juu kabisa liwe la kwanza kuvaliwa: fulana kavu, sweta, boshori kavu, soksi. Kama unaye mtu wa kukusubiri, mpe nguo hizo mkononi asimame karibu na mstari wa mwisho, usitegemee foleni. Chupa ya kinywaji cha moto awe nayo yeye, na unywe hata kama husikii kiu, kwa sababu kwenye baridi kiu haiji ingawa jasho limetoka. Simu iweke karibu na mwili, chaji inakwisha haraka kwenye baridi na utamtafuta mwenzio usimpate.

Siku mbili kabla angalia utabiri, joto pamoja na upepo, uviandike hapa pamoja na nguo ulizonazo. Nitakuwepo, tutachagua pamoja.