Re: Misiba mfululizo, Allah kanikasirikia?

Pole sana dada, Allah akupe subira. Umeuliza kama kufiwa na mtoto halafu na biashara kufa mwaka huohuo ndo Mungu kakukasirikia, hapana jamani, Mtume wetu (s.a.w.) alifiwa na mkewe Bi Khadija na ami yake Abu Talib mwaka mmoja, akaenda mji wa Taif watu wa huko wakampiga mawe mpaka miguu ikatoka damu, na huyo ndo kipenzi cha Allah. Na wanaokwambia usilie wanakuonea tu, Mtume alipofiwa na mwanae Ibrahim alitokwa na machozi, akasema jicho linalia na moyo unahuzunika ila hatusemi isipokuwa linalomridhisha Mola wetu. We amka usiku, sali rakaa mbili, ukishatoa salamu mwambie Allah yote, hata kwa Kiswahili chako.