Usinunue friji nyingine kabla ya kupima waya

Mleta uzi, hiyo nauli ya kwenda Kariakoo irudishe mfukoni kwanza. Umeeleza kwamba unaishi kwenye hema shambani, kwamba friji yako ya volti 12 inapoza vizuri mchana lakini usiku inajizima, na kwamba fundi amekuambia kompresa, yaani pampu inayozungusha gesi ya kupoza, imekufa. Hayo ya fundi nimeyasoma mara tatu, kwa sababu ndiyo niliyoambiwa mimi, na mkasa wote ulinitoa shilingi 2,380,000 pamoja na kilo 12 za nyama ya mbuzi iliyooza, ambazo sikuzitia kwenye hesabu kwa aibu.

Kambi yetu ilikuwa karibu na Tungamalenga, mkoani Iringa. Paneli na betri vilikaa juani, na friji ikakaa chini ya mti, umbali wa mita 10. Waya niliuvuta mwenyewe, ule wa milimita 1.5 wa kufungia taa za nyumbani, uliokuwa umebaki kwenye ujenzi wa kaka yangu. Siku hiyo nilijiona mhandisi.

Friji ilipoanza kuzima usiku nilinunua kwanza betri mpya kwa shilingi 480,000. Haikusaidia kitu. Ndipo nikaipakia friji kwenye gari na kuipeleka mjini kwa fundi mmoja aliyesifiwa sana, naye akaichomeka kwenye betri chakavu ya pikipiki iliyokuwa chini ya meza yake, akasikiliza kwa sekunde chache kama daktari, akatikisa kichwa, na kutamka kwamba kompresa imekufa na vipuri vyake havipatikani. Hakupima kitu chochote. Kwa huruma yake akanipa shilingi 80,000 ili aichukue kama chuma chakavu, nami nikamshukuru! Nikanunua mpya kwa shilingi 1,900,000, nikaifunga kambini kwenye waya uleule, na usiku wa kwanza saa nane ikajizima.

Aliyeniokoa ni dereva wa jirani, ambaye aliiunganisha ile mpya moja kwa moja kwenye betri ya gari lake, kwa waya mfupi mnene, ikaunguruma hadi asubuhi. Hapo ndipo niliponunua testa ya kupimia volti, ya shilingi 15,000, kifaa ambacho ningekuwa nacho tangu mwanzo nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia.

Umeme wa volti 12 hauvumilii waya mwembamba. Mita 10 za kwenda na 10 za kurudi ni mita 20 za shaba, na kwa unene wa milimita 1.5 za mraba, friji inayovuta ampea 5 inapoteza njiani zaidi kidogo ya volti 1. Mchana paneli inapochaji, betri inapanda hadi volti 13 na zaidi, kwa hiyo upotevu huo hausikiki. Usiku betri inashuka hadi 12.2 au pungufu, friji inapokea 11 tu, na ulinzi wake, uliowekwa ili betri isinyonywe hadi ikafa, unaamini kwamba betri imekwisha na kuizima friji. Ikishazima, hakuna umeme unaopita, kwa hiyo voltaji kwenye plagi inarudi juu, na ukipima wakati huo utaona 12.2 safi kabisa na kuanza kuishuku kompresa isiyo na hatia. Ndiyo maana ninasisitiza, hata kama utaniona kasuku: pima wakati kompresa inazunguka, upime mahali friji inapochomekwa, na usinunue kitu chochote kabla ya kufanya hivyo.

Mimi nilibadilisha waya nikaweka wa milimita 6, nikakata ncha zilizoota unga wa kijani, nikaondoa maungio niliyokuwa nimeyasokota kwa vidole na kuyafunga kwa utepe wa nailoni, nikaweka fyuzi karibu na betri. Gharama yote haikufika shilingi 150,000, na upotevu ukashuka chini ya theluthi moja ya volti.

Miezi michache baadaye nilipita kwa yule fundi. Friji yangu ya zamani ilikuwa pembeni ya mlango wake, imejaa soda, inauza. Aliniuzia moja, ya baridi sana, na wala hakunipunguzia bei.

Kwa hiyo leo usiku, friji ikiwa inaunguruma, pima kwenye vichwa vya betri, kisha pima kwenye plagi ya friji, uandike hapa namba zote mbili pamoja na urefu na unene wa waya wako. Huyo fundi akipiga simu, mwambie umesafiri.