Kijitabu cha fotokopi kwa historia zisizoandikwa: maswali ya wasomaji wa Tanga

*Marehemu babu alitoka Kigoma kuja kukata mkonge. Nina kipande chake (kadi ya kazi), picha moja, na dakika 40 za sauti yake kwenye simu. Kijitabu kiwe na kurasa ngapi? (Muheza)*

Kumi na sita: karatasi 4 za A4 zilizokunjwa katikati. Idadi yoyote ile lazima igawanyike kwa 4, la sivyo utabaki na kurasa tupu mwishoni.

Hindorf, Mjerumani aliyeleta mkonge, na miche yake 62 iliyopona mwaka 1893, hayo yamo vitabuni. Mpe mstari mmoja. Kisichomo ni hicho kipande: kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulikuwa hautoki mpaka ijae. Kiweke kurasa za 8 na 9, kwa kuwa ndizo pekee zinazofuatana na kukaa pamoja upande mmoja wa karatasi. Kwingineko picha pana itakatika vipande viwili. Katika sauti chagua maneno kama 2,500. Babu akisema "nyapara", acha nyapara. Usimsahihishie kuwa "msimamizi".

Kupanga kurasa ndiko kunakowashinda wengi. Kwa kurasa 16, namba mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi hujumlika kuwa 17: 16 na 1, nyuma yake 2 na 15, kisha 14 na 3, nyuma yake 4 na 13, endelea hivyo hivyo. Mwambie wa steshenari ageuze kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu, kila ukurasa wa nyuma utasoma kichwa chini. Toa nakala moja, ikunje, isome yote, ndipo uagize nyingine. Rimu moja ya karatasi 500 ni vijitabu 125, lakini hesabu 120, mashine hula karatasi.

*Picha ya zamani inatoka nyeusi tititi, sura haionekani. (Ngamiani)*

Fotokopi haijui kijivu vizuri. Skani picha kwa 300 dpi (nukta kwa kila inchi), ya pasipoti kwa 600, kisha ongeza mwanga mpaka kwenye skrini ionekane imepauka kupita kiasi. Hapo ndipo itatoka sawa. Maandishi ya penseli au wino wa buluu hafifu yapitie upya kwa kalamu nyeusi, kwenye nakala, si kwenye karatasi ya asili. Na acha milimita 12 pembezoni, mashine haifiki ukingoni.

*Stepla haifiki katikati. Nikishona kwa katani, si itapendeza? (Pongwe)*

Itapendeza siku moja. Katani ni ngumu, inachana tundu. Mkunjo uko karibu sentimita 15 kutoka ukingoni na stepla ya kawaida ni fupi, na pini zenyewe kwa hewa yetu ya bahari zinapata kutu. Tumia uzi wa pamba uliokunjwa mara mbili, kama sentimita 50. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mengine sentimita 4 kutoka kila mwisho. Ingia kati kutoka ndani, rudi ndani kwa tundu la juu, ruka hadi la chini utokee nje, rudi kati, funga fundo ndani.

*Bibi anakubali kusimulia kuwa mama yake alikuwa mtumwa, ila hataki ukoo ujulikane. (Pangani)*

Ana haki. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, na majirani bado wanahesabiana nasaba. Herufi za kwanza za jina hazifichi mtu Pangani. Mtaa, kazi ya mume na jina la mwalimu wa madrasa humtaja vilevile. Yaondoe yote, kisha msomee bibi kwa sauti kabla ya kuchapa. Atakalolikataa, likatwe hata kama ndilo tamu kuliko yote. Majina yaandike kwenye daftari lingine, likae kwake.

*Nakala nizipeleke wapi? (Chumbageni)*

Maktaba ya mkoa, makumbusho ya Urithi Tanga, na vinyozi, ambako watu husoma wakingoja zamu. Nakala mama usiikunje: iweke bapa ndani ya bahasha, mbali na ukuta unaotoa unyevu.