Baba anasema tulitumwa

Shangazi, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 27 na ninaishi mtaa wa Umoja, Nairobi. Baba yangu ni mwalimu mstaafu aliyeanza kazi katika shule ya serikali mwaka 1987. Tangu nilipoandamana katikati ya jiji tarehe 25 Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, kila Jumapili ninapokwenda nyumbani Buruburu chakula huishia kwa ugomvi. Yeye hushikilia kwamba vijana tulitumwa. Mwezi uliopita nilimjibu kwamba kizazi chake ndicho kilichonyamaza nchi ikiharibiwa. Aliinuka mezani, na hatujasemezana tena. Je, niache kabisa kuzungumza siasa naye?

Mwanangu, usiache, lakini kwa neno hilo la kunyamaza umuombe baba radhi kwanza.

Mwalimu aliyeanza kazi mwaka 1987 alikutana na uchaguzi wa mlolongo mwaka uliofuata, pengine akiwa mdogo kuliko ulivyo wewe leo. Katika mchujo ule wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa na sheria, hapakuwa na kura ya siri: watu walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake, majirani na wakubwa wakitazama nani amesimama wapi, na kuna mahali ambapo mwenye foleni fupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Waliopinga waliweza kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, na wapo walioteswa katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo, jengo la ofisi za serikali jijini Nairobi. Kwa mwajiriwa wa serikali mwenye mshahara mmoja, kufunga mdomo kulikuwa njia ya kuilinda nyumba yake. Tena si wote walionyamaza. Waliojaribu kukusanyika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai 1990 kudai vyama vingi walikuwa watu wa zama zake, na haki ya kuandamana uliyoitumia wewe, iliyomo katika kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010, ina jasho na damu yao ndani yake.

Hata hivyo, kuhusu kutumwa simuungi mkono baba yako. Neno hilo linakunyima akili yako mwenyewe, nawe una haki ya kumwambia kwamba linakuumiza. Ila nadhani hofu ndiyo inayolisema. Siku ile vijana walipigwa risasi na kufa karibu na Bunge, na wazazi wengi walikuwa mbele ya televisheni wasijue watoto wao wako wapi. Je, jioni ile uliwapigia simu?

Nenda siku ya kazi, wala si Jumapili, kwa kuwa mzee anayepingwa mbele ya watoto na wajukuu hawezi kulegeza msimamo hata akitaka. Usimtumie video za kumshawishi katika kundi la familia la WhatsApp. Huko kila mtu ni hakimu. Ukishamuomba radhi, muulize mwaka 1988 alisimama foleni ya nani, na ni nani waliokuwa wakimtazama. Msikilize mpaka mwisho, na jibu lake usiligeuze kuwa ushahidi dhidi yake. Kisha umuombe nawe akusikilize vivyo hivyo, umsimulie uliyoyaona barabarani kwa macho yako, bila kumtaja kiongozi yeyote ikiwezekana. Si lazima mwafikiane kabla ya uchaguzi wa 2027. Kura sasa ni ya siri kwenu nyote wawili.

Jambo moja tu silivumilii. Mazungumzo yakifika kwenye kuyatusi makabila ya majirani, mwambie kwa upole kwamba unatoka nje kidogo, kisha utoke kweli. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi wa 2007, na matusi ya namna hiyo siyahesabu kuwa maoni.

Mwisho, katika barua yako yote hukumtaja mama, ilhali ukishaondoka yeye ndiye anayebaki na hasira za mumewe. Kama yupo nyumbani, mpigie simu leo, umuulize ni saa ngapi baba huwa ametulia.