Shela ya Nyanya na Maua ya Sindano

Msimu wa harusi unapokaribia, barua nyingi zinazonifikia hapa Nakuru huuliza jambo moja kwa njia tofauti: bibi harusi afanyeje ili afanane na wale wa albamu za zamani bila kuonekana kama mtu anayekwenda kuigiza jukwaani. Mimi ni fundi wa magauni na maua ya kitambaa, kwa hivyo nitajibu kifundi, na pale ambapo jibu ni la ladha yangu tu nitasema hivyo.

Ninaolewa Kisumu mwezi wa Desemba. Ninataka gauni la lesi lenye mikono mirefu kama la Grace Kelly, taji la maua kama la Malkia Victoria, na shela ile inayoteremka hadi karibu na nyusi. Mama anasema joto litanimaliza. Je, ni kweli?

Mama amesema kweli kuhusu joto, lakini liko jambo jingine ambalo hakuligusa. Umechukua vitu vitatu kutoka enzi tatu. Victoria aliolewa tarehe 10 Februari 1840 akiwa na gauni la satini nyeupe, lesi ya Honiton, mji wa Uingereza, na taji la maua ya mchungwa. Shela ya kuteremka kwenye paji la uso ni ya miaka ya 1920. Naye Grace Kelly, mwigizaji wa filamu wa Marekani, aliolewa Monaco mwezi wa Aprili 1956, katika gauni lililobuniwa na Helen Rose. Kati ya wa kwanza na wa mwisho imepita zaidi ya karne moja, na katika muda huo kiuno cha gauni kilihama mara kadhaa. Gauni la miaka ya 1920 huanguka wima kutoka mabegani, na mstari wa kiuno hushushwa hadi nyongani. Lile la miaka ya 1950 lilifuata mkondo ulioanzishwa na mbunifu wa mavazi Christian Dior mwaka 1947: kiuno kimebanwa, sketi imefunguka kwa wingi wa kitambaa. Maumbo haya mawili hayakai pamoja katika mwili mmoja. Ushauri wangu ni kwamba uchague enzi kwa kutazama kiuno unachokitaka, kisha vitu vingine vyote, kuanzia shela hadi viatu, vikifuate hicho.

Ukibaki na 1956, joto la Kisumu linaweza kudhibitiwa. Mwambie fundi wako aweke bitana ya pamba nyepesi kwenye kifua na kiuno pekee, na aache mikono na sehemu ya juu ya kifua bila bitana, lesi ikae moja kwa moja juu ya ngozi. Bitana ya poliesta ndiyo inayofungia jasho ndani, wala si urefu wa mikono. Ile sketi ya ndani ya neti ngumu inayoinua gauni ishonwe peke yake, ifungwe kiunoni kwa utepe, ili uivae ukishafika kanisani na uivue wakati wa kula. Nimeona maharusi wakisafiri nayo garini kutoka Kondele hadi mjini, na inapofika imelala kama mkate uliokosa hamira.

Nyanya yangu aliolewa mwaka 1968, na shela yake imekaa sandukuni ndani ya mfuko wa plastiki tangu wakati huo. Imegeuka manjano na ina madoa ya kahawia pale pini zilipokuwa. Jirani ananishauri niiloweke katika jiki.

Mshukuru jirani, lakini usiiloweke. Jiki ina klorini. Shela ikiwa ya hariri, klorini huila. Ikiwa ya nailoni, huizidishia umanjano. Na madoa ya kutu iliyoachwa na pini hukolea badala ya kutoka.

Anza kwa kujua ni kitambaa gani ulicho nacho. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, ushike kwa kibano, uuguse moto wa kiberiti juu ya sahani. Pamba huwaka na kunuka kama karatasi, ikaacha jivu laini. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua. Nailoni na poliesta huyeyuka na kujikunja kuwa punje ngumu. Shela ya mwaka 1968 ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya nailoni, ijapokuwa lesi ya pembeni inaweza kuwa ya pamba.

Baada ya hapo, toa pini zote. Tandika shuka jeupe ndani ya karai pana, weka shela juu yake, kisha mimina maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini isiyo na rangi. Maji ya mvua yaliyochujwa yanafaa kuliko ya kisima, kwa kuwa maji yenye madini ya chuma huacha madoa mapya. Usisugue, bonyeza kwa kiganja. Wakati wa kuitoa, inua shuka lenyewe kwa pembe zake nne, shela ikiwa imelala ndani. Sisitizo hili linatokana na kosa langu mwenyewe: miaka kadhaa iliyopita niliinyanyua shela ya mteja kwa kuishika pembe moja tu, na uzito wa maji ukaichana urefu wa mkono mzima mbele ya macho yangu. Nililipa, lakini shela ya mtu hailipiki. Ianike bapa juu ya taulo jeupe, kivulini.

Lesi ya pamba ikiwa bado imara, inaweza kulowekwa katika unga wa kung'arisha unaotumia oksijeni badala ya klorini, na ikarudi kuwa nyeupe. Nailoni iliyokwisha kuzeeka mara nyingi hairudi, na hapo ninakusihi usipigane nayo. Shona gauni lako kwa satini ya rangi ya krimu inayolingana na shela. Ni rahisi zaidi kuchagua kitambaa kipya kinachoifuata shela ya nyanya kuliko kuilazimisha shela ya nyanya ifuate kitambaa kipya cha dukani, na picha zitakuwa nzuri zaidi, kwa sababu krimu hukaa vyema juu ya ngozi zetu kuliko ule weupe wenye ubuluu ndani yake. Baadaye ihifadhi ndani ya shuka la pamba lililofuliwa vizuri, wala usiirudishe kwenye plastiki.

Mimi ni wa Kericho. Je, majani ya chai yanaweza kuipa lesi mpya rangi ya zamani?

Yanaweza, nawe ndiwe mwenye malighafi mlangoni. Chemsha chai ya rangi iliyokolea, ichuje mpaka isibaki hata unyuzi wa jani, lowesha lesi kwanza kwa maji matupu ili rangi isishike kwa mabaka, kisha izamishe na uitoe baada ya dakika chache. Ikiwa majini huonekana imekolea kuliko itakavyokuwa ikikauka. Pamba, hariri na nailoni hushika rangi. Poliesta karibu haishiki kabisa, kwa hivyo jaribu kipande kwanza. Usifanye hivi kwa lesi ya urithi, kwa kuwa tanini iliyomo ndani ya chai huzidi kudhoofisha nyuzi zilizokwisha kuchoka.

Ninajifunza kutengeneza maua ya kitambaa kwa ajili ya harusi ya dada yangu. Nimetazama wenzangu wakikunja petali kwa moto wa mshumaa, lakini zangu zinaungua na kuwa nyeusi. Ninakosea wapi?

Kwa maelezo yako, ninashuku mambo mawili: ama kitambaa chako ni cha pamba, ama unaiweka petali ndani ya moto badala ya juu yake.

Njia ya mshumaa ni ya satini na organza (kile kitambaa chepesi kinachoonyesha ndani) za poliesta, kwa sababu zinayeyuka. Kata miduara ya vipimo vinne, tuseme sentimita 6, 5, 4 na 3, kisha ipasue kila mmoja kutoka ukingoni kuelekea katikati mara tano, ukiacha katikati pazima. Shika petali juu ya ncha ya moto, kama sentimita 3 au 4, na uizungushe bila kusimama. Utaona ukingo unatetemeka kidogo, halafu unajikunja kuelekea moto. Hapo ndipo pa kuitoa. Ukingoja mpaka uone moshi umechelewa. Fungua dirisha, kwa maana moshi wa poliesta si mzuri kifuani, na uwe na bakuli la maji karibu. Panga miduara kutoka mkubwa hadi mdogo, ipishanishe ili mipasuko isikae juu ya mingine, kisha shona katikati kwa shanga tatu au tano. Nasema shona, si bandika. Gundi ya moto hulegea mtu anapokaa garini juani, na ua likianza kuning'inia kwenye picha hakuna wa kulirudisha.

Ikiwa unataka maua ya hariri au pamba, yale yanayofanana kweli na ya enzi za nyanya, mshumaa hauna kazi. Mbinu za kale zilikuwa kukausha na kufinyanga. Lowesha kitambaa katika jelatini isiyo na ladha iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, au katika uji mwepesi sana wa wanga, kisha kianike kikiwa kimenyooka. Kikishakakamaa, kata petali kwa mshazari wa nyuzi, yaani kona kwa kona, kwa sababu kitambaa huvutika upande huo tu, na petali isiyovutika haiwezi kuwa na tumbo. Pasha moto mgongo wa kijiko cha chuma, weka petali juu ya mto laini, bonyeza katikati ukizunguka. Itainuka kama kikombe. Mara ya kwanza nilipoliona jambo hili likitokea chini ya kijiko changu nilirudia petali kumi na mbili kwa furaha tu, bila kuwa na ua la kuziweka.

Kuhusu muda: taji lenye maua 24, kila moja likiwa na petali 9, ni petali 216. Anza mapema.

Tunafunga ndoa Kakamega, na mama mkwe wangu mtarajiwa anapendelea maua halisi. Tuchague yapi?

Msikilize kuhusu shada la mkononi, mshawishi kuhusu kichwa. Mawaridi ya mashamba ya Naivasha ni mazuri mno, na yakikaa ndani ya maji mpaka dakika ya mwisho yatafika madhabahuni yakiwa hai. Taji halina maji. Waridi lililofungwa waya na kukaa juu ya kichwa chenye joto huanza kulegea kabla hotuba hazijaisha, na kwetu hotuba haziishi haraka. Jipsofila, yale maua meupe madogo madogo, huvumilia zaidi, kwa sababu hata ikikauka hubaki na umbo lake. Unaweza kuichanganya na maua ya kitambaa, na wachache sana watatambua lipi ni lipi.

Mvua ya alasiri ya Kakamega nayo haina mwaliko. Epuka kabisa maua ya karatasi ya krepe, kwani rangi yake hutiririka ikilowa, na gauni jeupe halisahau. Utepe wowote wa rangi uloweshe siku moja kabla na uubane kwenye kitambaa cheupe uone kama unaacha alama.

Mama mkwe akikuambia kwamba maua ya kushonwa ni ya kuiga Wazungu, mweleze kwa adabu kuhusu kikuba cha Pwani: asumini, rehani na mlangilangi vikafungwa pamoja kwa mkono na kuvaliwa na mwanamke siku ya furaha. Pambo la maua lililofungwa kwa mkono si geni katika nchi hii. Na kwa watoto wanaotangulia wakimwaga petali, waambie mafundi wa Kisumu wawasukie vikapu vya mabua makavu ya gugumaji. Angalau mmea ule unaotusumbua ziwani utahudhuria harusi.

Nimepata gauni la zamani kwenye mitumba ya Kibuye. Nitajuaje kama ni la kale kweli, au limeshonwa jana kwa kuiga?

Tazama zipu na kibandiko. Zipu ya chuma iliyowekwa ubavuni huashiria miaka ya 1940 au 1950. Nguo kutoka Marekani isiyo na kibandiko cha maelezo ya kufulia huenda ilishonwa kabla ya 1972, mwaka ambao sheria ya huko ilianza kulazimisha maelezo hayo, ingawa kibandiko chaweza pia kuwa kimekatwa. Kisha geuza makwapa nje na uyatazame kwenye mwanga: jasho la miaka hamsini huoza nyuzi, na tundu la hapo halifichiki. Kama makwapa ni mazima, mengine yote fundi atayaweza.

Nimenyoa nywele zangu, zimebaki fupi sana, na kila taji ninalojaribu lina kichana cha kuchomeka. Je, niache wazo hili?

Usiache. Vichana vile vilibuniwa kwa nywele za aina nyingine, na hata kwa wenye rasta huwa ninavitoa na kushona vitanzi vidogo vya uzi, ili msusi avipitishe kati ya misuko miwili. Kwako wewe, fundi ashone maua juu ya waya uliofunikwa utepe wa velveti upande wa ndani, kwa kuwa velveti hushika nywele fupi bila kuteleza wala kuumiza. Waya usifunge duara lote. Uishie nyuma ya masikio, na kutoka hapo utepe laini ufungwe kisogoni. Lijaribu siku moja kabla ukiwa nyumbani, livae saa mbili nzima ukiosha vyombo na kuinama, kisha urudi kwa fundi umwonyeshe mahali panapokuuma.